Umetaja Tashibiha. Halafu?

Jibu la namna hii nimelisahihisha mara nyingi mno: "Mwandishi ametumia tashibiha, mfano 'mweusi kama mkaa'. Pia ametumia sitiari, mfano 'Juma ni simba'. Pia ametumia tashihisi, mfano 'upepo ulinong'ona'. Hivyo mwandishi amefanikiwa kifani." Mwanafunzi anapiga mstari kwa rula, anageuza ukurasa, anaamini kazi imekwisha. Mwandiko safi, mifano sahihi, na ndani hamna kitu.

Nafundisha Kiswahili hapa Kigoma, kidato cha tatu na cha nne, na jioni nina kikundi cha tuisheni barazani kwangu, Mwanga. Watoto wanaokuja si wazito. Wanakutajia tamathali za semi bila kupumua, wengine wanaziimba kabisa kwa mahadhi ya mchakamchaka. Ila ukiwauliza, "Sasa hiyo sitiari imefanya kazi gani hapo?" wanaanza kutazamana. Kazi? Sitiari nayo ina kazi?

Lawama si yao peke yao. Sisi walimu tumewazoesha jedwali: safu ya jina, safu ya maana, safu ya mfano, na mfano wenyewe ni ule ule tuliopewa na walimu wetu. Huyo Juma amekuwa simba tangu mimi niko shule ya msingi na bado hajamla mtu. Mwanafunzi akikutana na sitiari ambayo haina Juma wala simba, anaipita kama hajaiona. Na mtihani wenyewe hausemi "taja" kila mara. Unasema fafanua, jadili, thibitisha. Anayetaja tu amejibu swali ambalo hakuulizwa.

Kwa hiyo darasa langu la tamathali silianzii ubaoni. Nawaambia waende mwalo wa Kibirizi asubuhi, boti zikishaingia, wakae karibu na akina mama wanaouza dagaa, waandike wanachokisikia bila kubadilisha neno. Wanarudi na vitu vya ajabu. Haya ni maneno ya mama mmoja, kama yalivyoandikwa kwenye daftari:

"Njoo dada yangu, njoo! Hawa si dagaa, hawa ni dhahabu ya ziwa! Wamekauka kama karatasi, ukiwashika wanaimba. Ukiwaunga na mawese leo, jirani anahama kwake anakuja kulala kwako! Unawataka wale wa mchangani? Haya nenda, wewe meno unayo ya akiba!"

Hapo kuna takriri (neno kurudiwa), sitiari, tashibiha, tashihisi, mubalagha na kejeli, na mama yule hajawahi kuambiwa kwamba anazo. Kuziorodhesha ni rahisi. Darasa linaanza tunapojaribu kumharibia biashara.

Tuanze na "dhahabu ya ziwa". Mwambie aseme "hawa ni kama dhahabu". Umemdhoofisha. Ukishatia "kama", mteja anapata upenyo wa kusema: kama tu, si dhahabu yenyewe, basi punguza bei. Tashibiha inaviweka vitu viwili kando kando na kumwachia msikilizaji avilinganishe. Kiunganishi chake kinaonekana, kiwe "kama", "mithili ya", "mfano wa", "sawa na" au "utadhani". Sitiari haimwachii nafasi hiyo. Inasema kitu hiki ndicho kile, basi. Kwa mtu anayetaka bei isijadiliwe, sitiari ndiyo inayomfaa.

Sasa geuza upande wa pili. Badala ya "wamekauka kama karatasi", aseme "hawa dagaa ni karatasi". Umemtukania mzigo! Mteja atasikia kwamba hawana nyama, hawana ladha, ni vitu vya kutupa. Karatasi ina sifa nyingi, na mama anaitaka moja tu, ule ukavu. Dagaa mbichi mbichi wana uzito wa maji na hawafiki Jumapili. Mkavu ndiye anayesafiri hadi Tabora na Dar es Salaam bila kuoza. Tashibiha inamruhusu aitaje hiyo sifa moja ("wamekauka") kisha alete karatasi kama shahidi wake. Sitiari ingeileta karatasi nzima pamoja na aibu zake zote.

Jaribio hilo la kubadilishana ndilo ninalolipenda kuliko fasili yoyote. Chukua tamathali uliyoiona, iondoe, weka nyingine mahali pake au weka maneno ya kawaida, kisha uliza kilichopotea. Maneno ya kawaida ya mama yule yangekuwa: "Dagaa hawa wana bei ya juu kidogo kwa sababu walianikwa juu ya vichanja, hawana mchanga." Taarifa ni ile ile. Nani angesimama?

Mubalagha nayo inaonewa. Wanafunzi wanaiandika kama kosa: "ametia chumvi". Ametia chumvi, sawa, lakini amemdanganya nani? Hakuna mteja anayerudi nyumbani kuchungulia kama jirani kabeba godoro. Mubalagha inafanya kazi kwa sababu pande zote mbili zinajua kwamba ni mubalagha. Ikianza kuaminika imekuwa uongo. Kwenye majigambo, kwenye utani wa makabila na kwenye hadithi za wavuvi kuhusu samaki aina ya kuhe aliyekata nyavu, kinachopimwa ni umahiri wa kukuza.

Na ile kejeli ya mwisho, "meno unayo ya akiba", haitaji mchanga kusaga meno hata kidogo. Mteja anaijaza mwenyewe. Kejeli inamtegemea msikilizaji kumalizia, ndiyo maana mtoto mdogo au mgeni wa lugha anaweza kuikosa kabisa akadhani amesifiwa meno.

Kwa wale ambao sitiari bado inawapiga chenga, dawa yao ni vitendawili. "Kitendawili!" "Tega!" "Nyumba yangu haina mlango." Yai. Hiyo ni sitiari iliyokatwa nusu: upande wa nyumba umeonyeshwa, upande wa yai umefichwa, na mchezo wote ni kuutafuta uliofichwa. Mtoto anayeshindwa anaambiwa atoe mji, anatoa (kwetu hapa hawakosi kutoa Ujiji, mji umeshatolewa sana huo), na mtegaji anafungua. Nikishawategea vitano vya mtindo huo naugeuza mchezo. Nawapa yai, nawaambia watengeneze kitendawili chao. Wanafunzi ambao hawakuweza kueleza sitiari ni nini wanatunga sitiari mpya hapo hapo barazani, wanabishana ipi kali. Baada ya hapo fasili ya kitabu inawaingia bila shida, kwa kuwa sasa wanajua inazungumzia nini.

Angalia pia sitiari zilizokufa. Mdomo wa chupa, mguu wa meza, mkono wa shati: zilikuwa sitiari siku moja, leo ni majina tu ya vitu. Usizihesabu katika jibu lako labda mwandishi amezifufua, kwa mfano akiandika kwamba mdomo wa chupa ulimbusu mlevi kuliko mkewe. Hapo mdomo umekuwa mdomo tena.

Tashihisi nitaigusa kwa mfano wa ziwani. Siku za upepo wa kusi utasikia wavuvi wakisema, "Leo ziwa limenuna." Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi, la pili kwa kina duniani baada ya Baikal, na likichafuka si la kufanyia mzaha. Wangeweza kusema limechafuka, na wanasema hivyo pia. Ila kununa ni kwa mtu, na mtu aliyenuna humwendei kwa nguvu. Unamwacha, unasubiri hasira ishuke. Neno moja limeeleza hali ya maji na hapo hapo limetoa ushauri wa nini cha kufanya. Mwanafunzi aliyeandika "ziwa limepewa sifa ya binadamu" amesema kweli, ila ameishia mlangoni. Sifa gani ya binadamu, na kwa nini hiyo badala ya kucheka, kulia au kulala?

Kuna kundi la majina ambalo sitalifanyia sherehe, maana vitabu vyenyewe havikubaliani. Dhihaka na kejeli zinapishana kwa wembamba: dhihaka inamcheka mtu waziwazi, kejeli inampaka mafuta ili achekwe. Kinaya kiko kwenye tukio zaidi kuliko kwenye ulimi. Zimamoto nyumba yake ikiteketea, hicho ni kinaya hata kama hakuna aliyesema neno. Tashtiti katika vitabu vyetu vingi vya shule ni lile swali ambalo muulizaji anajua jibu lake, kama mtu anayemwona mwenzake kalowa chapachapa akamuuliza, "Kwani umenyeshewa?" Wahakiki wengine wanaliita tashtiti andiko zima linalocheka maovu ya jamii. Majazi hali kadhalika: kwa wengine ni kumpa mhusika jina linalolingana na tabia yake, Matata akawa mgomvi, kwa wengine ni kutaja kitu kwa jina la kingine kinachohusiana nacho, kama kusema "Ikulu imetoa tamko" wakati jengo halina mdomo. Ushauri wangu ni mmoja. Ukitumia jina lenye ugomvi, lieleze kwa nusu sentensi unalitumia kwa maana ipi. Msahihishaji hawezi kukukosesha alama kwa jambo ulilolieleza na kulithibitisha.

Tafsida ndiyo ninayotaka tukae nayo.

Kila mwanafunzi anajua kwamba tafsida ni kupunguza ukali wa maneno. Ametutoka, amejifungua, amekwenda haja, ni mjamzito. Tunaifundisha kana kwamba ni adabu tu, somo la tabia njema lililopotea njia likaingia kwenye fasihi. Na kweli upande huo upo. Ukiingia kwenye msiba Ujiji, ukakaa kwenye mkeka, husemi "amekufa lini?" mbele ya mama aliyefiwa na mwanawe. Unasema "ametutoka lini?" Ile "tu" peke yake ina uzito: haijatokea kwake tu, imetutokea sote. Tafsida hapo inamlinda mfiwa.

Ila jiulize kila mara: hapa analindwa nani? Lilibandikwa tangazo mtaani kwetu kwamba kwa siku kadhaa kutakuwa na "maboresho ya huduma". Tafsiri yake kwa mwenye friji la samaki ilikuwa hakuna umeme. Mtu anaambiwa amepumzishwa kazi, naye hakuomba mapumziko. Bei zinarekebishwa, na katika maisha yangu yote sijaona marekebisho yanayoelekea chini. Mzazi anaambiwa alete mchango wa hiari, kisha mtoto wa asiyeleta anarudishwa nyumbani. Kwenye mifano hii yote maneno yamelainishwa, lakini anayelindwa si msikilizaji aliyeumizwa. Anayelindwa ni msemaji aliyeumiza.

Ndiyo maana kwenye riwaya au tamthilia, mtawala anapoanza kuongea kwa tafsida ninaweka alama pembeni kwa penseli. Mwandishi mzuri huwapa wanyonge maneno makavu na wakubwa maneno laini, na pengo kati ya hizo lugha mbili ndilo mgogoro wenyewe wa kitabu. Mwanafunzi akiniandikia: "Mhusika ametumia tafsida 'kupumzishwa' badala ya 'kufukuzwa' ili kuficha kwamba uamuzi ni wake, na hivyo msomaji anamwona ni mwoga anayejificha nyuma ya maneno", huyo nampa alama zote na kalamu naiweka chini kwa muda. Kwa mstari mmoja ameunganisha fani (namna ya kusema) na maudhui (kinachosemwa), jambo ambalo wengine wanalitangaza kwenye utangulizi wa insha ("fani na maudhui ni kama pande mbili za sarafu") halafu hawalifanyi hadi mwisho.

Sasa ushairi, ambao watoto wa Kigoma wanaogopa bila sababu. Naita bila sababu kwa maana hii: mtu aliyeziandika kanuni za vina (silabi zinazofanana mwishoni mwa vipande) na mizani (idadi ya silabi) zikaenea nchi nzima ni wa hapa hapa. Sheikh Kaluta Amri Abedi alizaliwa Ujiji mwaka 1924. Kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi, kilichoambatana na diwani yake, kilitoka mwaka 1954, na mpaka leo mwanafunzi anayehesabu mizani kwa vidole anafuata njia iliyosafishwa na kitabu hicho. Alikuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, akawa waziri wa sheria baada ya uhuru (sadfa nzuri hiyo kwa mtu aliyekwisha kuwatungia sheria washairi), akafariki mwaka 1964. Uwanja wa mpira wa Arusha una jina lake. Nikiuliza darasani Sheikh Amri Abeid ni nani, jibu ninalopata ni hilo la uwanja.

Kwa Amri Abedi shairi lilikuwa wimbo. Hilo likikuingia, mizani inaacha kuwa hesabu. Ni pumzi. Hebu tuupime ubeti huu, nimeutunga kwa ajili ya darasa kwa hiyo msiutafute mahali pengine:

Taa zimetanda ziwa, usiku wa giza nene,
Kama mji umezawa, mawimbini tuuone,
Dagaa wameitiwa, waje mwanga wauone,
Mwezi mpevu ukiwa, nyavu zilale tupone.

Mishororo minne, kwa hiyo ni tarbia. Ingekuwa mitatu tungesema tathlitha, mitano takhmisa. Kila mshororo umegawanyika vipande viwili, ukwapi na utao. Kina cha kati ni "wa", cha mwisho ni "ne". Mizani ni nane kwa nane, jumla kumi na sita. Hesabu mshororo wa mwisho taratibu: mwe-zi-m-pe-vu-u-ki-wa, nane. Tazama "m" ya "mpevu" inavyosimama peke yake kama silabi, wakati "mw" ya "mwezi" imeungana na irabu na haihesabiwi mara mbili. Hapo ndipo wengi wanapopotea. Usikodolee herufi, imba: utasikia ulimi unatua kidogo kwenye "m" ya "mpevu" na hautui kwenye "mwezi".

Halafu uliza nimelipaje hizo silabi nane. "Zimetanda ziwa" kwa kawaida ni "zimetanda ziwani", nimekata. "Umezawa" ni "umezaliwa", nimekata tena. Huko kufupisha neno ili mizani ikae kunaitwa inkisari, na kinyume chake, kulirefusha, ni mazida. "Mwezi mpevu ukiwa" mtu wa kawaida angesema "mwezi ukiwa mpevu". Nimepindua mpangilio ili "wa" iangukie mahali pa kina. Hiyo ni kuboronga sarufi, na mshairi ana ruhusa nayo. Lakini ruhusa ikitumika kila mshororo msomaji anachoka, na mshairi hodari ni yule ambaye hujui kama amekata mpaka uhesabu.

Tamathali ziko wapi? "Kama mji umezawa" ni tashibiha, na aliyewahi kusimama mlimani usiku usio na mwezi akaona taa za wavuvi, zamani karabai za mafuta, siku hizi nyingi za sola na betri, anajua kwamba haikutiwa chumvi. "Wameitiwa waje mwanga wauone" ni kinaya: dagaa wanafuata mwanga, na mwaliko huo ndio mtego. "Nyavu zilale" ni tashihisi. Jibu la mtihani juu yake lingeweza kuwa hivi: "Mshairi ametumia tashihisi anaposema 'nyavu zilale'. Kwa kuzipa nyavu usingizi wa binadamu ameonyesha kuwa uchovu wa wavuvi umefika hadi kwenye vyombo vyao vya kazi. Hivyo msomaji anayaona mapumziko ya mbalamwezi kuwa ni haki na si uvivu." Sentensi tatu. Jina, mahali lilipo, kazi iliyofanya.

Swali linalozua zogo barazani ni hili: anayesema "tupone" ni nani? Wengi wanajibu haraka, "Ni mshairi, mwalimu, yaani wewe." Hapana. Anayezungumza ndani ya shairi ni nafsineni, na nafsineni si lazima awe mtunzi, kama vile msimulizi wa riwaya si lazima awe mwandishi. Mimi nikiingia kwenye mtumbwi usiku natapika. Basi ni mvuvi? Inawezekana. Mwezi ukiwa mpevu mwanga umetapakaa ziwa zima, taa ya mvuvi haina tena mvuto, dagaa hawakusanyiki, kwa hiyo anapumzika na kupona uchovu. Msichana mmoja akasimama akasema ni dagaa wenyewe wanaosema: nyavu zikilala, wao wanapona. Mwenzake akampinga kwamba mshororo wa tatu umewaita dagaa "wa", hawawezi ghafla kuwa "tu" kwenye wa nne. Akajibiwa kwamba nafsi inaweza kubadilika, naye akarudisha kwamba mshororo wa pili una "tu" vilevile, "tuuone", ambayo haiwezi kuwa ya dagaa kwa sababu dagaa hawaangalii taa kwa mbali wakaona mji. Walibishana mpaka adhana ya magharibi. Sikuamua, kwa sababu kila upande ulikuwa umeshika neno la shairi mkononi, na uhakiki ndio huo.

Kwa upande wa ushairi huru nitasema machache. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alichapisha diwani isiyojifunga kwa vina wala mizani, na malumbano kati ya wanamapokeo (walioshikilia vina na mizani) na wanamabadiliko (waliotaka kuviacha) yakaendelea kwa miaka. Mwanafunzi asiandike kwamba shairi huru "halina kanuni". Lina mpangilio wake: mistari inakatwa mahali fulani kwa sababu fulani, takriri inabeba mdundo ulioachwa na vina. Lile jaribio la kubadilishana linafanya kazi hapa pia. Unganisha mistari iliyokatwa iwe sentensi moja ya kawaida, sikiliza kilichopungua.

Yanayobaki ni ya mpangilio. Kisengere nyuma, ambacho wengine wanakiita mbinu rejeshi, ni msimulizi kurudi nyuma ya wakati wa tukio. Usiseme tu kwamba kipo, sema kimetupa habari gani ambayo tungeikosa, na kwa nini ilicheleweshwa hadi hapo. Taharuki ni ile hali ya kutaka kujua kitakachofuata, na mara nyingi inajengwa kwa kumnyima msomaji kitu kimoja tu. Dhamira na ujumbe vinachanganywa kila mwaka: dhamira ni jambo linalozungumziwa, mathalani rushwa au ndoa za utotoni, ujumbe ni kile msomaji anachoambiwa kuhusu jambo hilo. "Rushwa" peke yake haiwezi kuwa ujumbe. Mtazamo ni jinsi mwandishi anavyoyaona mambo, msimamo ni upande anaoushikilia bila kuyumba, falsafa ni imani yake pana kuhusu maisha. Vitatu hivi vimekaribiana mno, na sidhani kama mtu wa miaka kumi na sita anapaswa kukosa usingizi kwa ajili yake. Tofauti hizo tatu fupi zinatosha.

Na mambo madogo yanayokula alama bure. Nukuu mstari kama ulivyo, usiutengeneze upya kichwani. Usimpe mwandishi sifa kwa kifungu cha "amefanikiwa sana". Onyesha tu alivyofanya. Mandhari ya kitabu si ramani, kwa hiyo ukiandika "mandhari ni ya kijijini" endelea useme kijiji hicho kimewabana wahusika namna gani. Tahajia nayo: kitabu chako kikiandika tashibiha, shika tashibiha, kikiandika tashbihi, shika hiyo hiyo toka mstari wa kwanza hadi wa mwisho wa jibu lako. Na tafadhali, ni tashihisi. Wiki hii nimekutana na "tashishi", "tashisisi" na "tahishisi" kwenye karatasi ya mtu mmoja.